Kushangilia na Kusherehekea

Katika habari za michezo na za uchaguzi, vitenzi "kushangilia" na "kusherehekea" mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kushangilia ni kupaza sauti kwa furaha au kwa kumtia mtu moyo: vifijo, hoihoi na, kwa upande wa wanawake, vigelegele. Hufanyika papo hapo, na ushindi si sharti. Timu iliyokwisha kufungwa mabao matatu bado ina watu wa kuishangilia.

Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, mwanariadha wa Tanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani akaumia goti. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watazamaji wachache waliosalia walimshangilia hadi mwisho. Ushindi wa kusherehekewa ulikuwa wa Wolde.

Kusherehekea kumetokana na "sherehe", na huja baada ya jambo kutimia. (Katika diwani za mashairi, sherehe ni kitu kingine kabisa: ufafanuzi wa maneno magumu.) Kwa hiyo mtangazaji anayesema kuwa wafuasi wa mgombea fulani "wanasherehekea ushindi", ilhali kura zingali zinahesabiwa, amekwisha kumtangaza mshindi kabla ya tume. Aseme tu kwamba wanashangilia; hilo amelisikia kwa masikio yake.