Mbogani: nyumba na jina lake

Karibu kila maelezo ya nyumba ya Karen Blixen, katika kitongoji cha Karen huko Nairobi, husema kuwa Mbogani ni “nyumba ya msituni”. Mimi, mtu wa Mabalako, nasita. Msitu ungetupa msituni. Wengine huleta mbogo, yaani nyati. Lakini mbogo likiongezwa -ni hutoa mbogoni, si mbogani. Neno linaloingia bila kulazimishwa ni mboga. Ile ritifaa ya M’Bogani nayo inapotosha, kwani m hapa haijitengi kuwa silabi.

Nyumba yenyewe ni bangalo ya mawe yenye paa la vigae na baraza, iliyojengwa mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren. Kwa mbali vinaonekana vilima vya Ngong. Blixen aliishi humo tangu 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa liliposhindwa. Denmark iliikabidhi kwa Kenya mwaka 1964, ikawa makumbusho mwaka 1986.

Jiko liko nyuma, limetengwa na vyumba. Kamante Gatura, Mkikuyu, alikuwa mpishi. Farah Aden, Msomali, alisimamia nyumba nzima. Ukiwataja wakaaji bila hao wawili, unabaki na mwandishi na wageni wake tu.

Kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali, hata nyama. Kwa hiyo nikilisikia jina Mbogani, sikio langu halianzii sebuleni. Linakwenda kwanza jikoni, kwa Kamante.