Amesema ametuma kimakosa? Usirudishe bado

Tuseme ni saa kumi na mbili jioni na kibanda chako kimejaa wateja. Mmoja anataka sukuma ya thelathini, mwingine anangoja chenji. Meseji inaingia: umepokea Ksh 3,500 kutoka kwa mtu usiyemjua. Dakika moja haijaisha, simu inaita. "Mamangu, samahani sana. Nilikuwa namtumia daktari, nikakosea namba moja ya mwisho. Mtoto amelazwa. Tafadhali nirudishie, hata ukitoa mia mbili yako ni sawa."

Wengi wetu tungerudisha hapo hapo. Huu utapeli humnasa mtu mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote. Anayependa kula pesa ya wenyewe huzima simu tu, na mkora hana la kumfanya. Ndiyo maana hatupendi kusikia watu wakimcheka aliyepigwa hivi, eti ni mshamba. Alichokuwa anafanya ni kurudisha kisicho chake.

Kwa wateja wanaotufikia, hii hadithi huja kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni meseji bandia. Hakuna pesa iliyoingia. Mkora ameandika meseji mwenyewe kwa kuiga ile ya kweli, na jina, saa na msimbo wa herufi na tarakimu. Ile ya kweli ya M-PESA huja kwa jina MPESA na kujipanga chini ya meseji zako za zamani. Ya uongo mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida, na salio lililoandikwa mwishoni halilingani na lako, au halipo kabisa. Lakini tuseme ukweli, nani ana nafasi ya kukagua nukta na koma wakati mtu analia kwenye simu? Basi usiisome sana hiyo meseji. Mwambie asubiri, kata simu, piga *334# au fungua programu uangalie salio. Kama halijaongezeka, hujatumiwa chochote, na hakuna cha kurudisha.

Kama una deni la Fuliza, unayo njia nyingine ya kujua. Pesa yoyote ya kweli ikiingia, deni hukatwa kwanza bila kukuuliza na unaarifiwa. Ukipata "umepokea" na deni lako liko pale pale, hiyo ni hewa. (Kwa upande wa pili, hii pia ndiyo sababu mtu aliyetumiwa pesa kimakosa kweli kweli anaweza kuonekana mwizi: imeingia, Fuliza imemeza, na yeye hana hata senti ya kurudisha. Tusikimbilie kutukanana.)

Njia ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu pesa imeingia kweli. Huenda imetoka kwa akaunti ya mtu mwingine aliyeibiwa dakika chache zilizopita. Anayekupigia anataka uitume kwa namba tofauti na ile iliyoileta: "Hiyo laini yangu ina shida, nitumie kwa hii ya ndugu yangu." Ukituma, umemsaidia mkora kuhamisha pesa ya wizi, na rekodi inaonyesha jina lako, si lake. Mwenye pesa akilalamika, anayefuatwa ni wewe. Au anayekupigia ndiye mwenye pesa hasa, lakini amekwisha omba irudishwe kupitia kampuni. Wewe unarudisha kwa mkono, kampuni nayo inarudisha, na umelipa mara mbili.

Kwa hiyo ufanye nini? Usiitumie, usiitume. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 inafanya kuwa kosa kuzuia kimakusudi malipo yaliyokufikia kimakosa, kwa hiyo kukaa nayo kimya si suluhisho. Iache hapo ilipo, uirudishe kwa njia yake. Mwambie: "Kaka, pesa nimeiona na sitaigusa. Tuma ile meseji yako kwa 456 na itarudi." Hiyo 456 ni ya wateja wa Safaricom, yule aliyetuma anapeleka meseji ya muamala huko, na kampuni inashughulikia. Mtu aliyekosea kweli atasema asante. Mkora ataanza kupandisha sauti: atasema atakupeleka polisi, atasema mtoto atakufa mikononi mwako. Mwache aende polisi.

Wenye maduka, nyinyi mna toleo lenu. Mteja anakuonyesha meseji kwenye simu YAKE na tayari ameshika mfuko wa unga mlangoni. Hiyo si risiti. Ngoja yako iingie, hata kama foleni ni ndefu na mteja amenuna.

Wako pia wanaojifanya wahudumu. "Mteja wetu mpendwa, laini yako itafungwa leo." Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000 peke yake. Wafanyakazi wetu nao hawatakuomba PIN, iwe mchana au usiku. Mara nyingine mkora haombi PIN, anaomba ubonyeze namba fulani "ili tusajili upya". Kuwa macho na zinazoanza na *21*, maana hizo huelekeza simu zako kwa namba nyingine. Kama ulishabonyeza, piga ##002# kufuta uelekezaji wote. Na mtandao ukipotea ghafla kwako wewe tu wakati jirani yupo hewani, usingoje kesho: huenda laini yako imebadilishwa na mtu mwingine. Azima simu, piga kwa kampuni ya laini yako. Wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# mapema ili laini isibadilishwe kwa ajenti.

Kwa wenye kadi za benki, mtego unaovuma ni wa mnunuzi wa mtandaoni. Umeweka kochi lako liuzwe, anasema atakulipa kwa kadi, kwa hivyo umtumie namba ya kadi yako, zile tarakimu tatu za nyuma, halafu umsomee msimbo utakaoingia kwa simu. Kupokea pesa hakuhitaji tarakimu hizo wala msimbo. Ule msimbo ni wa kulipa. Usome wote kabla ya kumtajia mtu. Mara nyingi umeandikwa kiasi kinachotaka kutoka kwako.

Na kama umeshapigwa? Kimbia kabla aibu haijakushika. Pesa ikiwa bado iko kwa akaunti ya mkora, inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa ajenti, kazi inakuwa ngumu sana. Piga 234 kwa M-PESA au 100 kwa Safaricom. Kwa kadi, ifungie kwenye programu ya benki kwanza, ndipo upige simu. Namba ya mkora itume bure kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe na upewe namba ya OB, maana bila hiyo uchunguzi hausongi. DCI nao wana laini ya bure, 0800 722 203.

Meseji za mkora usizifute, hata kama zinakuudhi ukiziona. Msimbo wa muamala, namba aliyokupigia na saa aliyokupigia ndivyo vitu vya kwanza utakavyoulizwa.