Ukinywa Umekiri, Ukinywa Umekataa

Mshahara umeingia, Jumamosi imefika, na wewe na mwenzio mmealikwa kwa rafiki aliyehamia nyumba mpya. Nyama choma imeshaliwa, muziki umepunguzwa, watu kumi hivi wamejipanga kwenye zulia na vinywaji vyao. Mara mmoja anadakia: "Jamani, tucheze kitu!" Wote mnaitikia bila kuuliza ni kitu gani. Si ni michezo ya kunywa tu? La hasha, shosti. Kuna ya kurudi nayo nyumbani mkicheka, na kuna ya kurudi nayo mmenuniana hadi Jumatano.

Chukua miwili inayochanganywa sana. Wa kwanza ni Never Have I Ever, hapa tuuite Sijawahi. Mtu anataja jambo ambalo hajawahi kulifanya, mathalani, "Sijawahi kupanda ndege," na kila aliyewahi anapiga funda. Wa pili ni Truth or Dare, yaani Ukweli au Kitendo. Zamu ikikufikia unachagua: ujibu swali kwa ukweli, au utekeleze utakachoamriwa. Kwenye pati za watu wazima imeongezwa njia ya tatu, kwamba ukishindwa vyote viwili, kunywa.

Yote ni siri, vicheko na glasi. Lakini angalia glasi inasema nini. Kwenye Sijawahi, ukinywa umekiri. Kwenye Ukweli au Kitendo, ukinywa umekataa kusema. Funda lile lile, maana mbili zinazopingana!

Waliofuatilia tamthilia ya Lost watakumbuka kipande kilichorushwa mwaka 2005, Kate na Sawyer wamekaa msituni usiku wakicheza Sijawahi. Mambo yalianza kwa utani, wakachimbana kidogo kidogo, mpaka ikatajwa kuua mtu. Wote wawili wakanywa. Hakuna aliyejieleza, na kila mmoja alishajua.

Sasa mweke mchumba wako pale kwenye zulia. Mtu anasema, "Sijawahi kurudiana na ex kimya kimya." Mwenzio anapiga funda. Lini? Na nani? Kabla yenu, au mwezi uliopita aliposema yuko semina? Mchezo hautoi nafasi ya kuuliza, zamu imeshahamia kwa mwingine na watu wanacheka. Kwenye Ukweli au Kitendo angalau angeulizwa na angejibu: "Ilikuwa chuoni, mwaka wa pili, yakaisha." Sentensi moja, na usiku unaendelea. Tena akiamua kunywa asijibu, mnachojua ni kwamba hataki kusema mbele ya watu. Hata mimi kuna maswali nisingejibu mbele ya shemeji zangu, na sina dhambi yoyote.

Kuna kanuni ndogo ya Sijawahi inayotumika sehemu nyingi: ukitaja jambo na asinywe mtu yeyote, unakunywa wewe. Inaonekana haina madhara, kumbe ndiyo sumu yenyewe. Inamlazimisha msemaji atafute jambo analojua fika kwamba kuna mtu hapo amelifanya. Yule rafiki wa tangu sekondari anayeijua historia yenu yote anakuwa na bunduki iliyojaa. Mkiifuta kanuni hiyo tu, mchezo unapoa na watu wanarudi kwenye mambo ya ndege na kulala kituo cha basi.

Halafu kuna ndugu yao wa tatu, Most Likely To, au Nani Zaidi. "Nani anaweza kusahau siku ya harusi yake?" Mnahesabu hadi tatu, kila mtu ananyoosha kidole, na unakunywa mafunda kwa idadi ya vidole vilivyokuelekea. Hapa hukukiri wala hukukataa, umepigiwa kura. Kinachouma si vidole vya marafiki, ni kile cha mpenzi wako.

Asiyetaka presha ya mapenzi achague mchezo wa bahati, kama Kings, ambao Waingereza huuita Ring of Fire. Karata 52 zinapangwa duara kuzunguka glasi kubwa, kila karata na amri yake, na anayefungua K ya nne anaimaliza glasi ya katikati. Siri yako haiguswi. Ila chunga namba 8: wengi huicheza kwamba unachagua mwenza wa kunywa kila unapokunywa wewe. Wapenzi huchaguana wao kwa wao, oh, romantiki! Basi aliyetakiwa kuendesha gari anakunywa makosa ya watu wawili.

Na hesabu ya kilichomo kwenye glasi nayo ina lake. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi, na mwili huhitaji kama saa mbili hadi tatu kuimaliza. Sijawahi ikikukamata mara 10 kwa mafunda ya bia, hujafikisha hata chupa moja. Ikikukamata mara hizo 10 kwa glasi ndogo za mililita 30 za pombe kali ya asilimia 35, umekunywa zaidi ya bia nne, pengine ndani ya nusu saa.

Dereva, mjamzito na asiyekunywa hawana haja ya kukaa pembeni wakichezea simu. Sijawahi huchezwa pia kwa vidole kumi: kila jambo ulilowahi kulifanya, unakunja kimoja. Ila vidole vinahesabika na kila mtu anaviona. Mwenzio akibaki na viwili huku wewe una tisa, njia ya kurudi nyumbani mtakuwa na maongezi.