Ngozi ya kiti cha gari haishonwi kiholela

GARSEN, katika Kaunti ya Tana River, ni kituo cha wasafiri wa barabara ya Malindi-Lamu na makao ya Waorma na Wawardei, wafugaji wa ng'ombe. Hata hivyo, ngozi mbichi haifai kwa viti vya gari: huoza na kukakamaa. Sharti iwe imelainishwa kiwandani.

Anayeshona nyumbani hufumua kifuniko cha zamani taratibu, kila kipande kiwe kielelezo cha kukatia kipya. Uzi uwe wa nailoni; wa pamba huoza kwa jasho.

Hatari imo ubavuni mwa kiti. Katika magari mengi ya kisasa, mfuko wa hewa hufumuka hapo wakati wa ajali kwa kupasua mshono uliolegezwa makusudi. Mshono huo ukikazwa, msafiri hukosa kinga. Sehemu hiyo aachiwe fundi stadi.