RUSHWA, CHOMBO CHA UMMA NA MACHO YA WANANCHI: SOMO KUTOKA KISORYA

Anayesafiri kutoka Bunda kwenda Ukerewe kwa barabara humaliza nchi kavu pale Kisorya. Hapo husubiri kivuko cha kumvusha hadi Rugezi. Wakati anasubiri, uchumi wa sehemu hiyo hupita mbele ya macho yake: magunia ya dagaa, matenga ya sato na sangara, mihogo, wanafunzi, wagonjwa na wachuuzi.

Tunaanzia hapo kwa makusudi. Rushwa imezoeleka kuzungumzwa kama jambo la miji mikubwa, la mikataba na mabilioni. Lakini mzizi wake huonekana wazi zaidi pale ambapo watu wengi wanahitaji kitu kimoja, na mtu mmoja tu ana mamlaka ya kusema ndiyo au hapana.

Rushwa ni nini hasa?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvuvi mdogo anafuata leseni. Ametimiza masharti yote na ada ya halali anayo. Mhusika anamwambia arudi kesho, na kesho anamwambia arudi keshokutwa, mpaka mvuvi mwenyewe "aelewe". Mwishowe anaombwa shilingi 50,000.

Fedha hiyo inatoka wapi? Haitoki hewani. Inatoka katika jasho la usiku ziwani, katika nyavu ambazo hazitashonwa na karo ambayo haitalipwa. Hivyo rushwa si zawadi wala takrima. Ni kodi isiyo na stakabadhi, inayotozwa na mtu binafsi kwa nguvu ya ofisi ambayo ni mali ya umma. Zaidi ya hayo, mwenye fedha nyingi hununua nafasi ya asiye nazo. Kwa maneno mengine, rushwa ni unyonyaji. Ndiyo maana TANU iliweka miongoni mwa ahadi za mwanachama ile ya kutotoa wala kupokea rushwa.

Chombo kilivyokua

Sheria ya kuzuia rushwa ilikuwako tangu ukoloni, mwaka 1958. Baada ya Uhuru ikatungwa Sheria Na. 16 ya mwaka 1971, na kutokana na marekebisho ya 1974 kikaundwa Kikosi cha Kuzuia Rushwa kilichoanza kazi mwaka 1975. Mwaka 1991 Kikosi kikawa Taasisi ya Kuzuia Rushwa.

Januari 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda Tume chini ya Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda. Tume hiyo ilitofautisha rushwa ndogo, inayochochewa na ugumu wa maisha, na rushwa kubwa, inayochochewa na tamaa ya mali. Sheria Na. 11 ya mwaka 2007 ndiyo iliyozaa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, yaani TAKUKURU, na kuongeza aina za makosa kutoka 4 hadi 24. Miongoni mwa makosa hayo ni rushwa ya ngono, matumizi mabaya ya madaraka na umiliki wa mali isiyo na maelezo. Chombo hiki ni cha Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Chombo kinavyofanya kazi

Kazi za TAKUKURU ni za namna tatu. Kwanza ni kuzuia: kuchambua mifumo ya utoaji huduma ili kuziba mianya, na kufuatilia miradi ya umma inapoendelea. Pili ni kuelimisha umma na kuushirikisha. Tatu ni kuchunguza na kupeleka mashtaka mahakamani. Wengi wanaijua hii ya tatu tu, kwa sababu ina pingu. Lakini pingu huja baada ya mali kuliwa. Mwanya ukizibwa mapema, mali hubaki kwa wananchi.

Turudi kwa mvuvi wetu. Afanye nini? Sheria inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Basi asilipe kwanza ndipo alalamike. Atoe taarifa kabla: katika ofisi ya wilaya Bunda, ya mkoa Musoma, au kwa simu 113 isiyo na malipo. Sheria inalinda siri ya mtoa taarifa.

Wachunguzi huipima taarifa. Ikiwa na uzito, mtego unaweza kuandaliwa: namba za noti huandikwa, noti hutiwa alama, na ukamataji hufanyika mbele ya mashahidi. Baada ya hapo huandikwa maelezo na jalada hukamilishwa. Kwa kosa la kutoa na kupokea rushwa, sheria ya 2007 haikudai kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa makosa mengine mengi ilikidai, na ikampa siku 60 za kuamua. Mwisho ni mahakama, nayo haihukumu kwa uvumi. Inataka ushahidi usioacha shaka ya maana, na shahidi anayefika siku ya kesi. Shahidi akinunuliwa au akiogopa, kesi inakufa.

Tusijidanganye

Je, chombo hiki kinatosha? Hapana. Mkuu wake huteuliwa na Rais, na taarifa ya kila mwaka hukabidhiwa kwa Rais. Mpango huo unakipa nguvu ya kuingia katika ofisi za ngazi zote, lakini pia unaacha swali: kitathubutu kiasi gani wakati mtuhumiwa ni mkubwa?

Historia inatufundisha. Mwaka 2007 Taasisi ilitangaza kwamba haikuona rushwa katika mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe iliukosoa uchunguzi huo, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Fundisho ni kwamba chombo kimoja hakiwezi kuwa macho pekee ya taifa. Bunge, Mkaguzi Mkuu, mahakama, magazeti na wananchi wenyewe hawana budi kukiangalia chombo kinachowaangalia wengine. Pasipo hivyo, dagaa watanaswa na sangara watapasua nyavu.

Wajibu wetu

Kada na mwanafunzi waanze wapi? Waanze na mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Tuseme zahanati inajengwa. Karatasi inasema mifuko ya saruji 200. Waliopokea mzigo wamehesabu 140. Swali la mwanakijiji mmoja, likiulizwa hadharani na kuandikwa katika muhtasari, laweza kuokoa mifuko 60 kabla mchunguzi hajafika kutoka Bunda. Likinyamaziwa, jengo litapata nyufa, na mama mjamzito atavushwa kutafuta huduma aliyokwisha kuilipia kwa kodi yake.

Lakini anayeuliza swali hilo hujiweka hatarini. Anaweza kuitwa mchochezi, anaweza kunyimwa haki yake nyingine. Hapo ndipo kada hupimwa. Akimwacha asimame peke yake, hotuba zake zote dhidi ya rushwa ni maneno matupu. Akisimama naye, amefanya kazi ambayo hakuna ofisi inayoweza kuifanya kwa niaba yake.

Sheria tunayo. Chombo tunacho. Kinachohitajika ni umma usioogopa kuhesabu mali yake.