Warushaji wa besiboli: gharama Kampala, faida ng'ambo

Tangu klabu moja ya California ilipowasaini vijana wawili wa Uganda mwaka 2022, wote warushaji, viwanja vya besiboli vya Kampala, Lugazi na Mpigi vimekuwa soko. Wengine wamesainiwa baada yao, na wasaka vipaji wenye vipima kasi wanaendelea kuja. Ni soko lenye wauzaji wengi na wanunuzi wachache, na anayeuza haijui bei.

Kwa nini mrushaji na si mpigaji? Mpigaji huhitaji miaka mingi ya kukabiliana na mipira ya kasi, na mashindano ya namna hiyo hayapo kwa wingi hapa. Mkono hupimwa papo hapo. Kijana husimama kwenye kilima cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, akarusha, na kipima kasi kikatoa jibu. Kikionyesha kilomita 145 kwa saa, mazungumzo huanza. Kikivuka 150, simu hupigwa ng'ambo.

Kocha mmoja wa Kampala, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa bado anawapeleka vijana kwenye majaribio, ana lalamiko ambalo wenzake wengi wanalirudia. Anasema humchukua mtoto akiwa darasa la tano, humtafutia glavu, humlipia nauli ya taksi na chakula cha mchana, na pengine karo ya muhula mzima mzazi anapokwama. Mtoto akifika umri wa kusaini, anakuja mtu ambaye hajawahi kumnunulia hata mpira, na karatasi zinatiwa saini. Kocha habaki na kitu, hata barua ya shukrani.

Lalamiko hilo lina uzito, na anayelijua soka ataona pengo mara moja. Katika soka, sheria za kimataifa zinaitambua klabu iliyomlea mchezaji: kuna fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomfunza tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu ya mtaani Kampala inaweza kudai haki yake kijana wake akiuzwa Ulaya. Besiboli ya Marekani haina mfumo wa namna hiyo kwa makocha na shule za nchi za nje. Malipo ya kusaini ni ya mchezaji. Huko Jamhuri ya Dominika, makocha binafsi wamejitengenezea njia yao kwa kuandikiana na familia mapema ili wapate sehemu ya fedha hizo, mara nyingi karibu theluthi moja. Njia hiyo ina madhara yake, kwa kuwa mtoto hugeuka rehani, lakini angalau mkufunzi anakula alichokilima. Kampala, kocha anachumia juani na mwingine anakula kivulini.

Fedha zenyewe zipo. Kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina fungu la kila mwaka la kusaini vijana wa nje ya Marekani, na kwa mwaka 2025 mafungu hayo yalikuwa kati ya dola milioni 5 na milioni 7.5. Ila kanuni moja inatuhusu sana: malipo ya dola 10,000 au pungufu hayahesabiwi kwenye fungu. Kwa hiyo klabu inaweza kubahatisha mikono kadhaa ya bei ndogo bila kuathiri mipango yake mikubwa. Kijana wa Uganda, asiye na wakala wala klabu ya pili inayomgombania, yuko hatarini kuangukia upande huo wa hesabu.

Baada ya saini, safari huanzia chini kabisa. Wengi hupelekwa kwanza Jamhuri ya Dominika, kwenye ligi ya kiangazi ambako klabu zote 30 zina vituo. Wanaopanda huenda Florida au Arizona, kisha hupita ngazi nne za ligi ndogo kabla ya kugusa ligi kuu. Mkataba wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo wa mwaka 2023 ulipandisha mshahara wa ngazi ya chini Marekani kutoka dola 4,800 hadi 19,800 kwa mwaka, na wa ngazi ya juu hadi 35,800. Hiyo ya chini ni zaidi ya shilingi milioni 70 za Uganda, wakati mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali hupata milioni 48. Tatizo ni kwamba wachezaji walio kwenye ligi ya Dominika hawamo katika mkataba huo, na huko ndiko Mganda anakoanzia.

Mlango nao umebana. Mwaka 2021 timu za ligi ndogo zilipunguzwa hadi 120, na tangu 2024 klabu inaruhusiwa wachezaji 165 tu wa ligi ndogo ndani ya Marekani, badala ya 180. Kijana wa Dominika husaini akiwa na miaka 16. Wa kwetu mara nyingi husaini akiwa mkubwa zaidi, hivyo ana muda mfupi wa kujifunza kabla hajaonekana mzee. Hadi mwisho wa msimu wa 2025 hakuna Mganda aliyekuwa amecheza ligi kuu, ambako kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa dola 760,000. Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani alifika huko Aprili 2017, kutoka Afrika Kusini.

Maofisini picha inayochorwa ni nyingine. Afisa mmoja wa michezo anataja maelfu ya wachezaji na kusema mchezo unakua katika kila kanda. Huenda ni kweli kwa namna fulani. Lakini mtoto aliyeshika gongo mara moja siku ya michezo ya shule hawezi kuhesabiwa sawa na anayerusha kila wiki, na daftari la kuwatenganisha hao wawili halionyeshwi. Macho ya serikali sasa yako kwenye Kombe la Afrika la 2027, tutakaloandaa pamoja na Kenya na Tanzania, na viwanja vinavyojengwa ni vya soka.

Kuhusu vipaji, historia inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa visa kwa sababu ya utata wa vyeti vya kuzaliwa. Mwaka uliofuata Lugazi walifika, na mwaka 2015 timu ya Uganda iliishinda Jamhuri ya Dominika 4-1. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 siku hiyo alitimiza 19 mwaka wa saini za kwanza. Cheti chenye tarehe sahihi, kilichotolewa mapema, kimebaki kuwa mtaji wa kwanza wa mrushaji.

Mtaji wa pili ni kiwiko. Kanuni za mashindano ya watoto zinamruhusu mwenye miaka 11 au 12 kurusha mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku nne. Makocha makini hubeba daftari la shule na kuchora mstari kwa kila mpira. Lakini msaka vipaji akiwa uwanjani, daftari hufungwa na kijana hurusha kwa nguvu zote. Kano ya kiwiko ikikatika, upasuaji na uponaji huchukua mwaka au zaidi, na kabla ya saini gharama ni ya familia.

Mwelekeo? Saini zaidi huenda zikaja, na kurudi kwa besiboli katika Olimpiki ya 2028 kunaweza kuongeza hamu, ingawa nafasi ni za timu sita tu. Sioni dalili kwamba fedha zitawafikia wanaolea vijana hawa pasipo kudai. Wazazi, makocha na shule waandikiane mapema, kwa maandishi mepesi yaliyosomwa na wakili, yakitaja nani amegharamia nini na atarudishiwa kiasi gani bila kumfunga mtoto. Na mzazi asitie saini yoyote kabla ya kuuliza maswali matatu: kijana ataanzia ligi gani, atalipwa nini huko, na akiumia nani atamtibu?