Fremu Zilizochelewa Kufika: Masaibu ya Chapa Ndogo za Baiskeli za Milimani

Baiskeli ya milimani ni baiskeli iliyoundwa kupita pasipo na barabara: tairi zake ni pana na zina meno, breki zake hukaba diski ya chuma iliyo katikati ya gurudumu badala ya kukaba rimu, na foku yake ya mbele, mara nyingi pamoja na sehemu ya nyuma ya fremu, hubebwa na vifaa vya kumeza mtikisiko ambavyo mafundi huviita shokapu. Haikuundwa kwa magunia ya mkaa wala madumu ya maziwa. Imeundwa kumbeba mtu mmoja ateremke mlima wenye mawe na mizizi kwa kasi, afike chini salama, na atake kupanda tena. Ni chombo cha mchezo, na bei yake katika maduka ya Ulaya na Marekani Kaskazini huweza kulingana na bei ya gari lililokwisha kutumika. Tangu mwaka 2022 biashara ya chombo hiki imo katika dhiki kubwa, na walioumia zaidi ni wenye chapa ndogo, yaani kampuni zenye wafanyakazi kumi, ishirini au hamsini, ambazo kwa haki ndizo warithi wa watu walioubuni mchezo wenyewe.

Mchezo huo ulianza kwa mikono ya watu wachache wasio na kiwanda. Katika wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, vijana walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na tarehe 21 Oktoba 1976 wakaandaa mashindano yao ya kwanza kwenye njia iliyoitwa Repack, jina lililotokana na kazi iliyomsubiri kila mshindani akishafika chini: breki ilikuwa imepata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, hivyo ilibidi ifunguliwe na kushindiliwa grisi mpya. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli zilizojengwa juu ya fremu za Tom Ritchey. Miaka miwili baadaye kampuni ya Specialized ilileta sokoni baiskeli ya Stumpjumper, iliyoundwa kwa wingi nchini Japani, na tangu hapo ikawa kawaida katika biashara hii kwamba wazo huzaliwa karakanani kwa mtu mdogo, ilhali faida hukaa kwa yule awezaye kuagiza maelfu.

Ili kuelewa kwa nini chapa ndogo zimeanguka moja baada ya nyingine, ni lazima kwanza kujua kwamba nyingi kati yake hazina kiwanda. Zina wahandisi wanaochora fremu, waendeshaji wanaoijaribu, ofisi, ghala na jina. Fremu yenyewe hutoka Asia, hasa katika viwanda vilivyouzunguka mji wa Taichung nchini Taiwan, pamoja na vya China na Vietnam. Gia na breki hutoka kwa Shimano ya Japani au SRAM ya Marekani, na foku na shokapu kwa Fox au RockShox, ambayo nayo inamilikiwa na SRAM. Mwenye chapa ndogo huwa mteja mdogo mbele ya kila mmoja wa hao, na bidhaa zikiadimika, mteja mdogo ndiye ahudumiwaye mwisho.

Ugumu huonekana wazi zaidi katika fremu za kaboni. Vitambaa vya nyuzi zilizo nyembamba kuliko unywele, vilivyokwisha kulowekwa gundi, hukatwa vipande na kupangwa kwa mikono, tabaka juu ya tabaka, ndani ya kalibu ya chuma. Kisha kalibu hufungwa, mfuko ulio ndani hujazwa hewa ili uzisukume tabaka hizo kwenye kuta, na joto hukausha gundi mpaka fremu itoke ikiwa nyepesi na ngumu. Kila saizi hudai kalibu yake, na kalibu hulipiwa kabla ya fremu ya kwanza kuuzwa. Kampuni inayoagiza fremu 300 za muundo mmoja, kwa saizi nne na rangi tatu, kwa kweli huwa imeagiza bidhaa kumi na mbili tofauti, kila moja ikiwa na fremu 25. Wanunuzi wakiipenda saizi ya kati ya rangi nyeusi, hizo 25 zitakwisha kwa wiki chache, na zile kubwa mno za rangi ya chungwa zitabaki ghalani zikiwa zimekwisha kulipiwa. Kampuni kubwa huweza kuzihamishia nchi nyingine, lakini ndogo hukaa ikizitazama.

Adui mkuu wa chapa ndogo, kwa hiyo, ni muda unaopita kati ya siku ya kulipa na siku ya kulipwa, na wala si ubaya wa bidhaa zake. Katika miaka ya kawaida muda huo ulikuwa wa miezi kadhaa. Janga la UVIKO-19 lilipoanza mwaka 2020, watu waliofungiwa majumbani katika nchi za baridi walikimbilia baiskeli, maduka yakabaki matupu, na wakati huohuo viwanda vilikuwa vikisimama kwa sababu ya maradhi. Baadhi ya vipuri viliahidiwa kufika baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Duka lililohitaji baiskeli kumi liliagiza ishirini likitarajia kupewa kumi, mwenye chapa akaongeza yake juu ya hizo, na kiwanda kikanunua malighafi kwa kufuata hesabu iliyokwisha kuvimba mara mbili. Wataalamu wa biashara huiita hali hii athari ya mjeledi, kwa kuwa mkono ukitikisa mpini kidogo tu, ncha ya mjeledi hurushwa mbali.

Ncha hiyo ilitua mwishoni mwa mwaka 2022. Kontena zilizosubiriwa kwa miezi mingi zilifika zote kwa mkupuo, zikiwa na baiskeli ambazo mnunuzi wake alikwisha kununua nyingine, au alikwisha kurudi kwenye safari za ndege na mikahawa. Mauzo ya Shimano, ambayo ni kipimo kizuri cha afya ya biashara nzima kwa kuwa vipuri vyake vimo katika baiskeli za karibu kila chapa, yalishuka kutoka takriban yeni bilioni 629 mwaka 2022 hadi takriban bilioni 474 mwaka 2023. Riba nayo ilikuwa ikipanda: benki kuu ya Marekani, iliyokuwa imeacha riba karibu na sifuri hadi Machi 2022, iliifikisha juu ya asilimia 5 mwaka uliofuata. Kampuni iliyokuwa imekopa kwa bei ya mteremko ili kulipia oda kubwa ilijikuta ikilipa riba nzito juu ya mzigo usiotoka ghalani. Waswahili walikwisha kusema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na ni vigumu kupata mahali ambapo msemo huo umetimia kikamilifu kuliko hapa.

Kisha yakaanza mapunguzo ya bei. Kampuni kubwa zenye maghala yaliyojaa ziliuza kwa hasara ili zipate fedha taslimu, nazo zilimudu hasara hiyo. Ndogo, ambazo kila fremu ilizigharimu zaidi tangu kiwandani, zililazimika kuzifuata au kukaa bila mteja. Kisa cha Kona kinastahili kutazamwa kwa karibu. Chapa hiyo ilianzishwa mwaka 1988 na Dan Gerhard na Jacob Heilbron, ikapendwa na waendeshaji wa Pwani ya Pasifiki kwa baiskeli imara zisizo na madoido, na kwa zaidi ya miaka thelathini ikabaki mikononi mwa waanzilishi wake. Mwanzoni mwa mwaka 2022, soko likiwa bado kileleni, iliuzwa kwa kampuni ya Kent Outdoors, inayouza vifaa vya michezo ya nje. Haukupita muda mrefu kabla ya mmiliki mpya kujikuta na shehena ya baiskeli zisizouzika, na mwishoni mwa mwaka 2023 Kona ilifikia kutangaza kwamba anunuaye baiskeli moja apewe ya pili bure. Kwa mteja hiyo ilikuwa neema. Kwa mwenye duka dogo aliyekuwa amenunua baiskeli zilezile kwa bei ya jumla, ilikuwa pigo kutoka kwa mtu aliyemwita mshirika, kwani kila baiskeli iliyoning'inia dukani mwake ilipoteza nusu ya thamani yake kwa siku moja.

Mwezi wa Aprili 2024, katika tamasha la Sea Otter huko California, ambako chapa nyingi huonyesha bidhaa mpya, wafanyakazi wa Kona walikunja banda lao kabla ya maonyesho kuanza, na ikatangazwa kwamba chapa inatafutiwa mnunuzi. Mwezi uliofuata walionunua walikuwa Gerhard na Heilbron wenyewe. Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 2025 katika mji mdogo wa Carbondale, milimani Colorado, pale Revel Bikes ilipotangaza kufunga milango, kisha mwanzilishi wake, Adam Miller, akairudisha mikononi mwake. Inaonekana kwamba anayekubali kubeba hatari ya namna hii ni yule aliyeiunda chapa na anayeona aibu kuiona ikizikwa. Mwekezaji wa fedha tupu huondoka hesabu inapogeuka.

Si wote waliopata mkombozi wa haraka. Rocky Mountain ya Kanada, iliyoanza mwaka 1981, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwezi wa Desemba 2024. YT Industries ya Forchheim, Ujerumani, iliingia katika taratibu za ufilisi mwezi wa Julai 2025, ingawa ilikuwa ikiuza moja kwa moja kwa mteja bila kupitia duka, na ingawa mwendeshaji Aaron Gwin alikuwa ametwaa juu ya baiskeli yake ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia la mteremko katika miaka ya 2016 na 2017. Ushindi huvuta macho, lakini haulipi kontena lililokwama.

Wapo waliodhani kwamba dawa ni kuunda fremu nyumbani, karibu na mteja, ili kukwepa safari ndefu ya baharini. Guerrilla Gravity ya Denver ilikwenda mbali zaidi kuliko wengi katika njia hiyo: mwaka 2019 ilizindua fremu za kaboni zilizoundwa Marekani kwa mbinu yake yenyewe, ikibuni pia sehemu ya mbele ya fremu iliyoweza kutumika kwa aina kadhaa za baiskeli, jambo lililopunguza idadi ya kalibu na aina za bidhaa ghalani. Wazo hilo lilikuwa bora, na lilijibu swali lenyewe la saizi na rangi lililoelezwa hapo juu. Hata hivyo mashine na wafanyakazi hudai ujira kila mwezi, oda ziwepo zisiwepo, na kabla ya mwaka 2024 kumalizika kampuni hiyo haikuwa tena ikiunda baiskeli. Orange ya Halifax, Uingereza, ambayo fremu zake za alumini hukunjwa kutoka katika mabamba bapa na kuchomelewa papo hapo karakanani, nayo ilifika ukingoni mwa ufilisi mwanzoni mwa mwaka 2024, kisha ikanusurika.

Juu ya yote hayo, viwango hubadilika. Kati ya mwaka 2010 na 2015 gurudumu la inchi 26 lilitoweka karibu kabisa katika baiskeli mpya na nafasi yake kuchukuliwa na la inchi 27.5 na la 29, na ekseli ya nyuma ikarefushwa hadi milimita 148. Kila badiliko liligeuza fremu nzima nzima zilizokuwa ghalani kuwa za kale. Badiliko la karibuni limo katika kipande cha alumini kisichozidi kidole gumba, kinachofungwa nyuma ya fremu kando ya ekseli na kubeba kifaa cha kuhamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine. Kipande hicho hufanywa laini kwa makusudi, ili baiskeli ikianguka kipinde au kivunjike chenyewe na fremu ibaki salama. Zamani kila fremu ilikuwa na umbo lake la kipande hicho, kwa mamia ya maumbo, mpaka SRAM ilipotoa mwaka 2019 umbo moja lililokusudiwa fremu zote. Na mwaka 2023 ikatoa mfumo mpya wa gia unaofungwa moja kwa moja kwenye fremu zenye nafasi ya umbo hilo tu. Fremu zisizo nayo, zilizoagizwa miaka miwili kabla na kuwasili zikiwa zimechelewa, zilishuka bei hata kabla ya kutolewa kwenye makasha yake.

Chapa ndogo zinazoelekea kuvuka salama ni zile zilizokubali kubaki ndogo. Cotic ya Uingereza na Starling ya Bristol hutumia mabomba ya chuma cha aloi, ambayo hayahitaji kalibu, hivyo saizi inaweza kuongezwa au muundo kurekebishwa bila gharama ya kutisha. Atherton Bikes ya Wales, iliyoanzishwa na ndugu watatu mabingwa wa mchezo huo, huchapa viungo vya titani kwa mashine na kuvigandisha kwenye mabomba ya kaboni, ikiweza kutoa saizi nyingi kwa kufuata oda za wateja. Faida ya namna hii si kubwa, na mteja hutakiwa kusubiri, lakini ghalani hakulali mtaji wa mtu.

Anayebaki na swali zito ni mtu aliyenunua baiskeli kwa chapa iliyokwisha kufungwa. Dhamana ya maisha aliyopewa haina tena wa kuitimiza, beringi za maungio anaweza kuzipata kwa kutaja vipimo vyake, lakini kipande kile kidogo cha kubebea gia, kama ni cha umbo la fremu yake peke yake, kikivunjika kinaweza kumlaza na baiskeli ya maelfu ya dola ukutani. Kama fremu yake ina nafasi ya umbo lile la pamoja, ataingia katika duka lolote la baiskeli, atapewa kipande kutoka kwenye droo, fundi atakifunga kwa dakika chache, na jioni hiyohiyo atarudi mlimani na baiskeli ambayo walioiunda hawapo tena kazini.